Camry ya haibridi kwa familia ya Seeta: hesabu, ukaguzi na uamuzi

Wanunuzi ni mume na mke wanaoishi Seeta, wilaya ya Mukono. Mume ni mhasibu, ofisi yake iko Nakasero. Mke ana duka Nakawa. Wana watoto watatu, na mama mzazi wa mume yuko Busia, ambako familia nzima huenda mara moja kwa mwezi. Gari lao la sasa, Toyota Spacio, limechoka. Mkononi wana shilingi milioni 60 za akiba, na hawataki mkopo.

Bondi moja (uwanja wa kuuzia magari yaliyoagizwa kabla kodi yake haijalipwa) kando ya barabara ya Jinja imewaonyesha Toyota Camry mbili za haibridi, yaani zinazotumia petroli na umeme pamoja, zote za mwaka 2014. Ya kwanza, nyeusi, inauzwa milioni 54. Ya pili, ya kijivu, milioni 58. Katika uwanja huohuo kuna Mark X ya injini ya 2.5 kwa milioni 50 na Premio ya 1.8 kwa milioni 45. Bei zote nne zinahesabiwa pamoja na kodi na usajili. Hilo waliuliza kwanza, na walifanya vyema, kwa sababu bondi nyingine hutaja bei ya gari kabla ya ushuru na mteja hugundua pengo akiwa tayari ametoa amana.

Mume anataka haibridi kwa ajili ya mafuta. Mke amesikia kwamba betri ikifa, gari zima limekufa. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na kisa hiki kinaamuliwa na mambo mawili tu: kilomita zao zinaishia wapi, na hali ya betri iliyomo ndani ya gari lile hasa wanalolitazama.

Kilomita za mjini na kilomita za safari

Camry hii ni ya bodi ya AVV50, iliyouzwa Japani kuanzia Septemba 2011 hadi 2017. Kwa kizazi hicho, Camry zote zilizouzwa Japani zilikuwa haibridi, hivyo ukiikuta bondini ikitoka huko, usihangaike kutafuta ya kawaida. Ina injini ya petroli ya lita 2.5, aina ya 2AR-FXE, mota mbili za umeme ndani ya giaboksi, na betri ya volti 244.8 nyuma ya kiti cha nyuma. Haichomekwi ukutani popote; umeme wake wote unatokana na injini na breki.

Gari likisimama kwenye foleni ya Banda, injini huzima. A/C inaendelea kupoza kwa sababu kompresa yake inaendeshwa na umeme. Foleni ikisogea mita thelathini, mota inalisukuma gari bila petroli. Ukikanyaga breki, mota ileile inageuka jenereta na kurudisha betrini sehemu ya nguvu ambayo katika gari la kawaida ingekuwa joto la diski. Kwa hiyo faida ya haibridi inatoka mahali palepale ambapo gari la kawaida linapoteza: kusimama, kuanza, kusimama tena. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa bila kusimama, hakuna cha kurudisha, na injini ndiyo inayofanya karibu kazi yote.

Vipimo vya EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, vinalionyesha jambo hili waziwazi, kwa kuwa huko Camry ya 2012 iliuzwa kwa namna zote mbili. Ya kawaida yenye injini ya 2.5 ilipata maili 25 kwa galoni mjini na 35 barabara kuu, yaani kilomita 10.6 na 14.9 kwa lita. Haibridi ya daraja la LE ilipata 43 na 39, yaani kilomita 18.3 mjini na 16.6 barabara kuu. Mjini pengo linakaribia kilomita 8 kwa kila lita. Barabara kuu halifiki 2.

Achana na kile kibandiko cha Kijapani kinachotaja kilomita 23.4 kwa lita. Ni matokeo ya jaribio la maabara liitwalo JC08, na wauzaji hulisoma kama vile gari lilipimwa kati ya Kireka na Bweyogerere.

Sasa tuje kwa familia yenyewe. Seeta hadi katikati ya Kampala na kurudi, shule, duka, soko na kanisa vinafika kilomita 1,100 kwa mwezi, karibu zote kwenye foleni. Busia na kurudi, pamoja na mizunguko ya huko, ni kilomita 400. Jumla 1,500.

Kwa Camry tumetumia kilomita 15 kwa lita mjini na 16 safarini, chini ya vipimo vya Marekani, kwa sababu ya milima, A/C ya mchana kutwa na magurudumu ambayo watu wengi hawayajazi upepo ipasavyo. Kwa Mark X, yenye V6, tumetumia 7.5 mjini na 11.5 safarini. Petroli tumeiweka shilingi 5,200 kwa lita.

Mark X itakunywa lita 147 mjini na 35 safarini, jumla karibu lita 181.5, sawa na shilingi 944,000 kwa mwezi. Camry itakunywa lita 73 na 25, jumla 98.3, sawa na shilingi 511,000. Tofauti ni shilingi 433,000 hivi kila mwezi. Mafuta yakipanda hadi 6,500 (mwaka 2022 Uganda iliona bei zaidi ya 6,000, kwa hiyo hilo si jambo la kufikirika tu), tofauti inafika 541,000.

Camry ya kijivu imeizidi Mark X kwa milioni 8. Kwa hesabu ya haraka, pengo hilo linajilipa kwa miezi 18 au 19. Hesabu ya haraka ndiyo wauzaji wanayoipenda, na ina tundu moja kubwa: haijaiweka betri.

Betri ya mwaka 2014

Betri za aina hii, nikeli na haidraidi ya metali, hazifi zote kwa umri mmoja. Nyingi huanza kuchoka kati ya mwaka wa 8 na wa 15, kutegemea joto, vumbi na namna gari lilivyotumika. Gari la 2014 liko katikati kabisa ya dirisha hilo. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hajiulizi kama atabadilisha betri. Anaihesabu kuwa atabadilisha mara moja ndani ya miaka mitano, na isipofika, hiyo ni bahati yake.

Katika hesabu hii tumeweka milioni 8 kwa betri yenye seli mpya pamoja na kazi ya fundi. Kabla ya kulipa gari, omba bei hiyo kwa maandishi kutoka gereji mbili, kwa sababu hubadilika na dola. Milioni 8 zikigawanywa kwa miezi 60 ni shilingi 133,000 kwa mwezi. Akiba halisi ya Camry dhidi ya Mark X inashuka hadi 300,000, na pengo la milioni 8 linajilipa kwa miezi 27 hivi. Bado ni hesabu nzuri kwa familia inayokaa na gari miaka sita au saba.

Betri ya mtumba kutoka gari lililovunjwa inaweza kuwa nusu ya bei hiyo. Tatizo lake ni kwamba unanunua umri uleule uliokuwa nao, na dhamana ya wiki chache. Mbaya zaidi ni ukarabati wa kubadilisha moduli moja iliyokufa. Betri hii ina moduli 34 zilizozeeka pamoja. Ukiingiza moja yenye uwezo tofauti, hiyo itajaa na kuisha kwa kasi tofauti na wenzake, na baada ya miezi michache nyingine dhaifu itaanguka. Fundi atakuita tena, na tena, kila mara kwa laki kadhaa. Njia hiyo inamfaa tu mtu anayetaka kuuza gari wiki ijayo, na huyo ndiye mtu wa kuogopwa katika kisa hiki.

Mahali ambapo haibridi inashindwa

Kabla ya kusifu, tazama Premio. Kwa kilomita 10 kwa lita mjini na 14.5 safarini, itakunywa lita 138 kwa mwezi. Camry inaishinda kwa lita 39 tu, kama shilingi 204,000. Toa zile 133,000 za betri, inabaki 71,000. Camry ni ghali kuliko Premio kwa milioni 13. Pengo hilo litajilipa kwa miaka 15.

Maana yake ni kwamba haibridi ya ukubwa wa kati inaishinda sedani ya ukubwa wake, haiishindi sedani ndogo. Kama Premio inakutosha, funga mjadala hapa na ununue Premio nzuri. Watu wengi hudanganyana kwa kulinganisha Camry na Mark X huku gari walilokuwa wakilihitaji tangu mwanzo likiwa Premio. Familia hii ina sababu: watoto watatu wanaokua, bibi anayesafirishwa mara kwa mara kuja hospitali Kampala, na mizigo ya Busia. Walijaribu kukaa watu wanne wakubwa katika kiti cha nyuma cha Premio na cha Camry, bondini hapohapo, na jibu likapatikana bila karatasi. Ila wajue kwamba betri ya AVV50 imemega buti. Fungua buti uone, usikadirie kwa kutazama gari kwa nje. Camry ya kizazi kilichofuata, AXVH70 ya kuanzia 2017, iliihamishia betri chini ya kiti na kuacha buti kubwa, lakini haiingii katika milioni 60.

Kwa mtu wa Mbarara anayeendesha kilomita 300 mjini na 1,200 safarini, hesabu inageuka hata dhidi ya Mark X. Tofauti ya mafuta inakuwa lita 49, shilingi 256,000. Ukitoa pesa ya betri inabaki 123,000, na milioni 8 zinajilipa baada ya miaka mitano na zaidi. Huyo hana sababu ya kubeba hofu ya betri. Njia ya Busia kidogo iko kati kwa kati: ukikwama nyuma ya malori ya miwa karibu na Lugazi au kwenye msafara wa matrela msituni Mabira, safari inageuka foleni, na haibridi inapata chakula chake.

Karatasi

Kagua karatasi kabla ya kufungua boneti. Hati ya Japani inayoruhusu gari kuondoka nchini huandikwa kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa huko, wa mwisho na ule uliotangulia. Linganisha na mita ya dashibodi. Kama mita inasema 61,000 na hati ya miaka kadhaa nyuma inasema 98,000, hakuna cha kujadiliana. Omba pia karatasi ya mnada wa Japani, inayotaja daraja la hali ya gari, na uhakikishe namba ya chesisi ni ileile. Daraja la R au RA linamaanisha gari liligongwa likatengenezwa. Katika haibridi kugongwa nyuma ni jambo zito kuliko kawaida, kwa kuwa betri iko huko.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yalizuia kuingiza Uganda magari yaliyotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa, na ya miaka 9 na kuendelea hutozwa tozo ya mazingira. Gari la 2014 linalouzwa bondini leo limebeba tozo hiyo ndani ya bei. Ukitaka kuagiza mwenyewe, weka gari hilo kwenye kikokotoo cha URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kisha weka jingine lenye umri chini ya miaka 9. Wakati mwingine jipya zaidi, ingawa ni ghali Japani, linafika Kampala kwa pengo dogo kuliko ulivyodhani.

Angalia pia tarehe gari lilipoingia bondini. Haibridi haipendi kulala. Wiki za melini, siku za Mombasa na miezi kumi uwanjani bila kuwashwa huimaliza betri ndogo ya volti 12, na ile kubwa nayo hujitoa chaji polepole hadi bloku dhaifu ziachane na zenye nguvu. Camry nyeusi ilikuwa imekaa uwanjani miezi kumi na mmoja. Ya kijivu, miwili.

Ukaguzi uwanjani

Gari ambalo kodi yake haijalipwa haliruhusiwi kutoka bondini, kwa hiyo usipange kulipandisha mlima Naguru. Karibu yote ya muhimu yanaweza kupimwa likiwa limesimama. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji jana yake asiliwashe kabla hujafika.

Leta skana ndogo ya OBD ya bluetooth (kifaa kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake) na simu yenye programu ya haibridi kama Dr. Prius au Hybrid Assistant. Kabla ya chochote kingine, soma kipengele kinachoonyesha kilomita zilizotembewa tangu misimbo ya hitilafu ifutwe. Hiki ndicho kipimo kinachowaumbua wengi. Gari lenye taa safi za dashibodi lakini lililofutwa misimbo kilomita 6 zilizopita halijapona, limepakwa poda. Camry nyeusi ilisoma kilomita 6. Ya kijivu ilisoma zaidi ya elfu moja.

Kisha washa. Haibridi isiyo na hitilafu hailii kama gari la kawaida, haina stata. Taa ya READY inawaka, na injini huamka yenyewe baada ya sekunde chache ikiwa baridi. Sikiliza mtikisiko au mgongano wakati wa kuamka kwa mara ya kwanza. Katika Prius ya kizazi cha tatu mtikisiko huo mara nyingi ni gasketi ya kichwa. Injini ya Camry hii haina sifa mbaya kiasi hicho, lakini injini iliyochemka ni injini iliyochemka. Pampu yake ya maji ni ya umeme, haina mkanda, na ikifa hakuna kelele ya kukuonya.

Sasa betri. Programu itaonyesha bloku 17, kila moja ikiwa na moduli mbili. Gari likiwa limetulia, kila bloku husoma volti 15 hadi 16, na tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi 0.3. Namba hizo za utulivu hazitoshi. Hata betri mgonjwa hutulia vizuri ikiwa imelala. Lazima uichoshe. Weka gari kwenye P, A/C kwenye baridi ya mwisho na feni juu kabisa, milango wazi. Injini itazima, betri itatoa, na chaji itashuka hadi injini ijiwashe kuijaza. Pima muda huo. Betri nzuri hushuka taratibu kwa dakika kadhaa. Ile iliyochoka hutoka juu hadi chini upesi, inajaa upesi, na mchezo unarudiwa huku feni ya nyuma ikivuma kama kikausha nywele. Halafu, mbele kukiwa wazi na breki imekanyagwa barabara, weka D na ukanyage mafuta kiasi kwa sekunde chache: injini itaongeza mwendo na kuisukuma chaji. Tazama bloku zote 17 wakati wa kutoa na wakati wa kupokea. Moja ikianguka chini ya wenzake kwa volti 1 au zaidi wakati wa kutoa, na kupanda juu yao wakati wa kupokea, hiyo imepoteza uwezo.

Camry nyeusi: bloku ya 12 ilianguka kwa volti 1.3, na baada ya mzunguko wa tatu msimbo P0A80, unaoashiria betri kubwa iliyochakaa, ulijitokeza tena. Muuzaji alisema, "Boss, hiyo ni taa tu, inafutika." Ni kweli inafutika. Camry ya kijivu: tofauti kubwa kabisa ilikuwa 0.25 katika mizunguko yote.

Kwa haki ya muuzaji, P0A80 haimaanishi kila mara kwamba seli zimekufa. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli hupata kutu ya kijani, na kuvisafisha kumewahi kurudisha usomaji wa kawaida. Lakini bloku inayoanguka ikitoa na kuruka ikipokea, kwa kiasi kile, ni udhaifu wa seli. Kutu peke yake ingeonekana zaidi katika namba zinazorukaruka bila mpangilio.

Tafuta tundu la hewa la betri karibu na kiti cha nyuma. Betri hupozwa na hewa ya ndani ya gari, na vumbi la barabara za murramu huziba kichujio chake na mabawa ya feni. Ndani ya nyeusi vumbi lilikuwa limetanda kama blanketi, jambo ambalo huenda ndilo lililoanza kuichosha. Hapa pana onyo pia kwa atakayelimiliki: usiweke mkungu wa matoke au begi la shule juu ya tundu hilo hadi Busia.

Upande wa mbele, chupa ya maji ya inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kwa ajili ya mota, ni tofauti na ya rejeta. Maji yawe ya waridi, yafike mstarini, na gari likiwa READY uyaone yakitikisika. Yakiwa yametulia tuli, pampu ya inveta imekufa, na inveta itafuata. Maji ya bomba yaliyojazwa humo ni sababu ya kuondoka.

Breki zina pampu yake ya umeme. Kanyaga mara kadhaa na usikilize. Kulia kwa muda mfupi kila baada ya mikanyago michache ni kawaida. Ikilia kila unapogusa pedali, chombo kinachotunza mgandamizo kinavuja, na bei ya kifaa hicho inashindana na betri. Wanunuzi wengi hukazana na betri kubwa wakaisahau hii.

Inua zulia la buti. Matope makavu, kutu ya bolti, waya zenye ukungu mweupe na kijani: gari lilizama majini. Haibridi iliyozama hainunuliwi kwa bei yoyote. Betri ya volti 12 iko humohumo. Angalia tarehe yake, na uulize kama gari liliwahi kuwashwa kwa waya kutoka gari jingine. Nyaya zikibadilishwa chanya kwa hasi kwa sekunde moja tu zinaweza kuunguza kifaa kinachoichaji. Mwisho, chungulia chini: nyaya nene za rangi ya chungwa zisiwe zimekwaruzwa. Gari hili liko chini, karibu sentimita 15 kutoka ardhini, na kila tuta la mtaani Seeta litalikumbusha dereva.

Uamuzi

Camry nyeusi kwa milioni 54 ni gari la milioni 62 ambalo bado halijalipiwa milioni 8 za mwisho. Ingekuwa na maana kwa milioni 45 au pungufu, pesa ya betri ikiwa tayari mfukoni. Bondi haikushuka chini ya 52. Waliiacha.

Ya kijivu inafaa, kwa masharti. Bei ijaribiwe kushushwa hadi milioni 56, kwa hoja kwamba betri ni ya mwaka 2014 hata kama inapima vizuri; picha za bloku 17 ziko kwenye simu, ni hoja nzuri kuliko maneno. Hata wakilipa 58, hesabu ya miezi 27 inabaki. Ila shilingi 133,000 za betri ziende kila mwezi kwenye SACCO, kando na matumizi ya nyumba, kuanzia mwezi wa kwanza. Familia itakayokula akiba yote ya mafuta na kungoja betri ife haijanunua haibridi. Imekopa kwa betri.

Pesa inayobaki katika milioni 60 ina kazi tayari: oili ya injini 0W-20, lita 4.4 pamoja na filta. Oili ya giaboksi ya aina ya WS peke yake. Kusafisha tundu na feni ya betri. Na betri mpya ya volti 12 ya aina inayofaa kukaa ndani ya gari, yenye bomba la kutolea hewa. Kichujio cha betri kisafishwe kila kilomita 10,000, au mapema kama njia ya nyumbani ni ya vumbi.

Kwa fundi, kuna mambo mawili ambayo Kampala huyaharibu magari haya zaidi kuliko seli zenyewe. La kwanza ni gesi ya A/C. Kompresa ya haibridi inahitaji oili ya ND-11, ambayo haipitishi umeme. Fundi wa pembeni akisukuma oili ya magari ya kawaida, umeme mkubwa unaanza kuvuja kupitia kompresa, gari linatoa msimbo P0AA6 na kugoma kuwaka, na mwenye gari anauziwa betri mpya ilhali ya kwake haikuwa na kosa. La pili ni sehemu za kuoshea magari: maji ya presha yasielekezwe kwenye inveta wala ndani ya buti. Anayefungua betri avute kwanza plagi ya usalama, angoje dakika 10, na avae glavu za umeme mkubwa. Fundi anayecheka ukimuuliza glavu zake ziko wapi si fundi wa gari hili.

Likigoma barabarani karibu na Iganga, lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa sababu yakizunguka mota huzalisha umeme. Lipandishwe kwenye lori la kubebea magari, au linyanyuliwe mbele.

Zile namba za bloku 17 za siku ya kununua zihifadhiwe, na kipimo hichohicho, kwenye P na A/C ya mwisho, kirudiwe kila baada ya miezi sita. Pengo likivuka volti 0.5, huo ndio wakati wa kuagiza betri taratibu kwa pesa ya SACCO, gari likiwa bado linatembea.